Taya na viwiko vya mbuzi ni tele, mabega hayapo: je, walikuwa wanaletewa nyama?

Mjifunzaji aliandika:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi, nasaidia kupanga mifupa ya wanyama iliyotoka kwenye uchimbaji wa makazi ya kale. Yote imetoka kwenye shimo moja la taka. Karibu yote ni ya mbuzi na kondoo. Ng'ombe ni wachache, ndege wachache, samaki hakuna kabisa.

Kinachonisumbua ni hiki. Taya za chini ni nyingi mno, na meno yaliyochomoka ni tele. Miguu ya mbele ipo, lakini kwa namna isiyoniingia akilini. Ule mfupa wa juu, ulio kati ya bega na kiwiko, nimepata ncha za upande wa kiwiko 38 (21 za kushoto, 17 za kulia), lakini za upande wa bega ni 2 tu. Muundi nao hivyo hivyo: ncha ya chini ipo, ya juu haipo. Pingili za uti wa mgongo hazifiki kumi. Vidole ni vichache kuliko nilivyotarajia.

Rasimu ya ripoti inasema wakazi wa hapo hawakuwa wakichinja wenyewe. Inasema waliletewa vichwa na miguu kutoka mahali pengine, nyama nono ikabaki kwa wenye uwezo, kwa hiyo hapa waliishi watu wa hali ya chini. Nahisi hoja hii ina kasoro, ila siwezi kusema kasoro iko wapi. Je, hesabu ya mifupa peke yake inaweza kutuambia jambo kubwa hivyo?

Swali la pili. Tuna magunia mawili ya vipande vidogo visivyotambulika. Nimeambiwa nivipime uzito, niandike daftarini, kisha vifukiwe shimoni. Ni sawa?

Tabaka la Tatu alijibu:

Mkuu, hoja ya ripoti ina msingi wake. Mwanaakiolojia Lewis Binford alikaa na wawindaji wa Nunamiut huko Alaska, na mwaka 1978 akachapisha jinsi wanavyomgawa mnyama: viungo vyenye nyama na mafuta mengi husafirishwa, visivyo na faida huachwa pale alipouawa. Tangu hapo hesabu ya viungo imekuwa njia ya kutofautisha mahali pa kuchinjia na mahali pa kulia. Ukikuta vichwa na miguu mitupu, si kosa kufikiri kwamba nyama ilikwenda kwingine. Tafuta alama za kisu. Zikiwepo, ujue watu ndio waliomchinja.

Bi Mezani alijibu:

Mwanangu Mjifunzaji, usivifukie hivyo vipande. Nitaeleza sababu mbele, ila kama magunia yako karibu na shimo leo, kayaondoe kwanza ndipo uendelee kusoma.

Nimefanya kazi ya mezani na mifupa ya wanyama kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo ninalolipigania kila ninapopewa ripoti kuipitia ni hili: kabla hujauliza mnyama huyu aliliwa na nani, uliza mfupa huu umepitia mikononi na midomoni mwa nani hadi ukafika mezani kwako. Mtu ni mmoja tu kati ya hao. Kuna mbwa, fisi, nungunungu, panya, bundi, jua, mvua, kwato za mifugo inayopita, uchachu wa udongo, na mwisho kabisa kuna sisi wenyewe na chekeche zetu. Wote hao hupunguza mifupa, na hakuna anayepunguza ovyo ovyo. Kila mmoja ana anachokipenda.

Sasa zitazame hizo 38 na 2. Ncha ya bega na ncha ya kiwiko ni za mfupa mmoja. Aliyeletewa mguu wa mbele ameletewa zote mbili. Hawezi kupokea kiwiko bila bega, isipokuwa mfupa umekatwa katikati, na ukikatwa katikati kwa shoka au panga utaiona kazi hiyo kwenye mfupa wenyewe. Kwa hiyo upungufu wa ncha za bega hauwezi kuelezwa kwa ugawaji wa nyama hata kidogo. Ncha 36 za bega, kwa uchache, zilifika hapo pamoja na viwiko vyake, kisha zikatoweka. Ripoti ingetakiwa kuanza na swali hilo: nani aliziondoa?

Mtu aliyelishughulikia swali hilo kwa uzito ni C. K. Brain wa Afrika Kusini. Miaka ya 1960 alikwenda kwenye vijiji vya wafugaji kando ya mto Kuiseb, katika jangwa la Namib, akaokota mifupa ya mbuzi iliyotapakaa kuzunguka makazi. Pale hapakuwa na fumbo. Mbuzi walichinjwa hapo hapo, wakaliwa hapo hapo, watu wakavunja mifupa wakala uboho, mbwa wakamalizia. Mwanzoni kila kiungo kilikuwepo. Kilichobaki kwa wingi kuliko vyote ni taya za chini, kisha ncha za kiwiko, kisha ncha za chini za muundi. Ncha za bega zilikuwa zimetoweka karibu zote. Soma tena orodha yako mwenyewe, uilinganishe na hiyo.

Sababu iko ndani ya mfupa. Ncha ya kiwiko ni ngumu, imeshikamana, na kwa mbuzi na kondoo huungana na mwili wa mfupa mapema, ndani ya mwaka wa kwanza hivi. Ncha ya bega ni laini, ndani ina vitundu vingi vilivyojaa mafuta, na huchelewa kuungana hadi mnyama afikishe miaka mitatu au zaidi. Mnyama aliyechinjwa akiwa na mwaka mmoja na nusu ana kiwiko kigumu na bega ambalo bado halijashikana sawasawa. Mpe mbwa mfupa huo, ataanzia kwenye mafuta. Muundi una tabia hiyo hiyo, wa juu laini, wa chini mgumu. Pingili na mbavu ndizo za kwanza kumezwa.

Brain hakufuata mbuzi kwa ajili ya mbuzi. Alikuwa anajibu hoja nzito ya wakati wake. Raymond Dart, mtafiti wa binadamu wa kale, akichambua mifupa ya pango la Makapansgat, Afrika Kusini, aliona viwiko vya swala ni vingi mno kuliko mabega, akahitimisha kwamba viumbe wa kale waliviokota makusudi na kuvifanya marungu ya kuulia. Akajenga picha ya babu zetu wauaji kwa msingi wa hesabu kama yako. Mbuzi wa Kuiseb walionyesha kwamba hesabu ile hutokea yenyewe, bila rungu wala muuaji. Na kule Swartkrans, pango jingine la Afrika Kusini, Brain alichunguza fuvu la kiumbe mchanga wa jamii ya binadamu wa kale lenye matundu mawili, nafasi kati ya matundu ikalingana na ya meno ya chui. Aliyedhaniwa mwindaji alikuwa windo. Hadi leo nikikumbuka hilo huwa siandiki sentensi ya haraka kuhusu mifupa iliyopungua.

Ndugu Tabaka la Tatu, Binford nampa heshima yake, lakini yeye aliona watu wakigawa nyama kwa macho yake. Wewe na mimi tunaona kilichobaki baada ya mbwa. Na alama za kisu peke yake hazitoshi, kwa sababu mfupa mmoja unaweza kubeba alama za kisu na za meno kwa pamoja. Olduvai, kwenye eneo la FLK ambako Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959, mifupa ina alama za zana za mawe na alama za meno ya wanyama wala nyama, na tangu zilipotangazwa alama za zana mwaka 1981 watu wamebishana miaka na miaka juu ya nani alitangulia kuufikia mzoga. Alama ya kisu inakuambia kisu kilipita. Haikuambii kwamba mnyama alichinjwa na mwenye kisu hicho.

Mjifunzaji, fanya hivi. Chukua ncha zako 38, kaa dirishani au uwashe taa iliyolala ubavuni, ushike lenzi ya kukuza mara kumi. Mwanga wa kutoka juu huficha alama zote. Wa ubavuni huzifichua. Kwanza tazama ukingo ambako mfupa umekatikia. Ulioguguzwa na mbwa una ukingo uliochokonolewa, wenye vishimo vya duara na mifereji mifupi yenye kitako cha mviringo. Alama ya kisu ni nyembamba, ndefu kiasi, kitako chake ni chembamba chenye ncha, na mara nyingi ndani yake kuna vistari vidogo sambamba. Ona pia imekaa wapi: kisu kinachotenganisha viungo hupita karibu na maungio. Mikwaruzo mepesi iliyokwenda pande zote katikati ya mfupa huenda ni ya kukanyagwa kwenye mchanga. Angalia pia kama kuna mifupa iliyolainika, yenye kingo nyembamba na vitundu kana kwamba imeyeyuka. Hiyo ilipita tumboni mwa mbwa ikatoka, na ukiipata hata michache, hoja ya mbwa imepata shahidi.

Halafu ngozi ya mfupa. Anna Kay Behrensmeyer alitumia mizoga ya Amboseli kupanga hatua za kuchakaa kwa mfupa ulioachwa juani, kuanzia 0 (mbichi, mzima) hadi 5 (unabomoka), akachapisha mwaka 1978. Andika hatua ya kila mfupa wako. Kama shimo lina mchanganyiko wa mifupa mizima na iliyopasuka kwa jua, baadhi ililala nje kwanza, na hapo mbwa walipata nafasi yao.

Kuhusu idadi: usiandike popote kwamba una wanyama 38. Una vipande 38. Kushoto ni 21, na mnyama ana kiwiko kimoja tu cha kushoto, kwa hiyo wanyama hawapungui 21. Toa namba zote mbili, kila moja kwa jina lake, maana msomaji akipewa moja bila nyingine atapotea. Na hizo taya zihesabu kwa pande vilevile, nina hakika zitakupa idadi kubwa zaidi.

Magunia nitayarudia, meza inaniita.

Mzee Chekeche aliandika:

Naomba kuuliza kitu ambacho hakuna aliyekigusa. Samaki hakuna kabisa, na vidole ni vichache. Mlichekecha kwa matundu ya milimita ngapi?

Nauliza kwa sababu mimi ni mtu wa mifupa midogo, na "hakuna samaki" ninayoikuta kwenye ripoti mara nyingi ina maana "hatukuwa na chekeche la kuwashika". Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Sebastian Payne alifanya jaribio rahisi: udongo uliokwisha kuokotwa mifupa kwa mkono akaupitisha kwenye chekeche. Vidole vya kondoo na mbuzi, ambavyo wachimbaji walikuwa wamevikosa kwa wingi, vikatokea, huku mifupa ya ng'ombe ikiwa imeokotwa vizuri tu tangu mwanzo. Yaani jicho la mchimbaji lina upendeleo wake, na upendeleo huo ukiachwa unageuka kuwa "utamaduni wa kula ng'ombe" kwenye ripoti.

Vitu vidogo ndivyo vinavyobeba habari kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu pwani ya Afrika Mashariki na visiwa vyake ulipima upya mifupa iliyodhaniwa ya kuku na ya panya weusi, wanyama walioletwa kutoka Asia, kwa kutumia umbo la mfupa, kolajeni (protini ya mfupa) na DNA kwa pamoja. Ndiyo njia ya kujua bahari ilivukwa lini na ikabeba nini. Mfupa wa panya hauokotwi kwa mkono. Unapita kwenye tundu la milimita 10 bila hata kugusa ukingo.

Mjifunzaji aliandika:

Shikamoo Bi Mezani, shikamoo Mzee Chekeche. Nashukuru sana.

Mzee, chekeche lilikuwa la milimita 10, na tabaka mbili za juu ziliokotwa kwa mkono tu. Ila tuna mifuko ya udongo wa kila tabaka iliyowekwa akiba kwa ajili ya mbegu, haijafunguliwa.

Bi Mezani, nimezipitia ncha zote 38 kwa taa ya ubavuni. Zaidi ya nusu zina ukingo uliochokonolewa kama ulivyoeleza. Chache zina vistari vyembamba vya kisu, vyote jirani kabisa na kiungo cha kiwiko. Vipande vilivyolainika nimepata vitano, viwili ni vidole. Sasa nina mambo mawili mapya. Baadhi ya mifupa ni myeusi, na rasimu imeihesabu yote kuwa "ya kuchoma". Na chini kabisa ya shimo kuna mifupa ya paka, mzima, viungo vyote mahali pake, bado tumemfunika. Je, naye ahesabiwe kwenye chakula?

Tabaka la Tatu alijibu:

Nimeelewa hoja ya mbwa na naikubali kwa mfupa huo mmoja. Lakini tukiifuata mpaka mwisho, si ina maana hesabu ya viungo haina thamani popote penye mbwa? Na mbwa wako karibu kila mahali penye watu kwa maelfu ya miaka. Tutajuaje basi kama mtu aliletewa nyama au alichinja mwenyewe?

Bi Mezani alijibu:

Marahaba mwanangu. Kazi nzuri, na hivyo vitano andika kila kimoja kimetoka tabaka gani.

Ndugu Tabaka la Tatu, umeuliza swali ambalo ningetamani kila mwandishi wa ripoti ajiulize. Thamani ipo, ila inatafutwa mahali ambapo mbwa hakufika. Mbwa na fisi hula ncha, huko ndiko kwenye mafuta. Katikati ya mfupa mrefu, yaani ule mwili wake ulio mnene wa kuta na mgumu, huachwa ukiwa umevunjikavunjika, hasa kama watu wamekwisha kutoa uboho. Majaribio ya kuwapa fisi mifupa iliyovunjwa na watu, kazi ya Curtis Marean na wenzake miaka ya 1990 mwanzoni, yalionyesha wazi: ncha zinaliwa, vipande vya katikati vinabaki. Kwa hiyo ukitaka kujua mapaja mangapi yalifika mahali, usihesabu ncha za paja. Hesabu vipande vya katikati.

Na vipande vya katikati viko wapi? Viko kwenye magunia mawili ya Mjifunzaji, vikisubiri kufukiwa! Hili ndilo linaloniuma kwenye kazi yetu. Tunahesabu ncha kwa sababu zinatambulika upesi, tunaviita vingine takataka, kisha tunashangaa kwamba mapaja hayapo.

Havitambuliki kwa haraka, lakini vinatambulika. Mwaga gunia juu ya meza pana, tenga kwanza vyenye unene wa ukuta unaolingana. Tafuta lile tundu dogo la mshipa wa damu, maana kila mfupa mrefu una lake mahali pake, na kwenye paja, muundi na mfupa wa juu wa mguu wa mbele tundu hilo lina mwelekeo tofauti. Tafuta mistari iliyoinuka ambako misuli ilishikilia. Tafuta umbo la mkato: muundi una pembe, paja ni duara zaidi. Weka pembeni mifupa ya mbuzi na ya kondoo wanaojulikana, uzungushe kipande mpaka kikae. Siku za kwanza utaona giza. Baada ya hapo jicho linaanza kuvifahamu. Na kila kipande ukiangalie kingo zake: uliovunjwa ungali mbichi hukatika kwa mshazari na ukingo laini, uliovunjika ukiwa mkavu hukatika wima na kukwaruza, uliovunjwa na sululu ya juzi una rangi mpauko penye mkato. Vikijitokeza vya paja kwa wingi, sentensi ya "nyama nono ilibaki kwa wenye uwezo" itafutwa na ushahidi wa shimo lile lile.

Hata vitakavyoshindikana kwa jicho si vya kufukia. Kolajeni, ile protini inayoufanya mfupa ushikamane, hutofautiana kidogo kati ya kundi na kundi la wanyama, na miligramu chache zinatosha kuipima. Inatenganisha hata mbuzi na kondoo, kazi inayotutoa jasho mezani. Kutoka pango la Denisova, Siberia, vipande zaidi ya 2,000 vilivyoshindikana kutambulika vilipimwa kwa njia hiyo. Kimoja, chenye urefu wa sentimita 2 na kidogo, kikaonekana ni cha jamii ya binadamu; habari hiyo ilichapishwa mwaka 2016. Miaka miwili baadaye DNA yake ikaonyesha ni msichana ambaye mama yake alikuwa Mneandertali na baba yake Mdenisova, jamii mbili za binadamu wa kale waliokwisha kutoweka. Mtoto huyo alikuwa kwenye mfuko wa vipande vya mifupa ya wanyama visivyo na jina. Walioviokota hawakuwa na njia ya kumjua, lakini walivitunza. Sisi tuna njia, halafu tufukie?

Kuhusu kuletewa au kuchinja wenyewe, rudi kwenye taya. Mbwa hawazipendi sana, na meno ni magumu kuliko mfupa wowote. Payne, huyo huyo aliyetajwa na Mzee Chekeche, mwaka 1973 alitumia taya za Aşvan Kale huko Uturuki kupanga umri wa kuchinjwa kwa kuangalia meno yaliyoota na jinsi yalivyosagika. Wafugaji wanaotaka nyama huchinja madume yakikaribia ukubwa wa mwisho. Wanaotaka maziwa huondoa madume machanga mapema. Wanaotaka sufu huwaacha wazeeke. Kwako wewe kuna swali la moja kwa moja zaidi: je, wamo watoto wachanga sana, na je, wamo vikongwe wenye meno yaliyokwisha? Wakiwepo wote wawili, kundi la mifugo lilikuwa jirani, linazaa na kufa hapo. Wakiwa wote wa umri mmoja mzuri wa nyama, hapo nitakubali kusikiliza habari ya kuletewa. Ila jihadhari, taya ya mtoto mchanga ni laini na mbwa huimaliza, kwa hiyo kupata hata chache ni jambo zito, na kutozipata si ushahidi.

Mzee Chekeche, umenitangulia kwenye hiyo mifuko ya akiba. Naomba ifunguliwe.

Mzee Chekeche aliandika:

Ifunguliwe, lakini kwa utaratibu. Pima ujazo wa udongo kabla hujaanza, usipopima hutaweza kulinganisha tabaka na tabaka. Uloweke udongo kwenye maji kwanza ili mbegu na mkaa vielee, viokolewe, kisha kilichozama kipite milimita 4, halafu 2, na kiasi fulani hadi 1. Kausha kivulini. Juani mfupa mdogo uliolowa hupasuka. Ukimaliza kuokota, kile kinachobaki kwenye chekeche la milimita 2 kipitie mara nyingine ukiwa na lenzi, maana pingili ya samaki mdogo huonekana kama changarawe mpaka uione ile mibonyeo miwili pande zake. Zikikosekana hata huko, na udongo umehifadhi mifupa ya panya na ndege, ndipo andika "hakuna samaki" kwa kifua mbele.

Bi Mezani alijibu:

Nimalizie weusi na paka.

Weusi si lazima uwe moto. Manganizi, madini ya ardhini, hutia madoa meusi juu ya mfupa, mara nyingi kama vitawi vya mti au vidoa vidoa. Tazama mkato mpya, au kama kuna mpasuko, uangalie ndani. Doa limekaa juu tu, ndani mfupa ni wa rangi yake. Uliochomeka hadi kuwa mweusi, weusi huingia. Moto ukizidi mfupa huwa kijivu chenye ubuluu, kisha mweupe wa chokaa unaopasukapasuka, na weupe huo hauji kwa kuokwa nyama. Unahitaji joto la nyuzi mia sita na kitu za Selsiasi au zaidi, yaani mfupa wenyewe ulikuwa ndani ya moto. Mfupa wa nyama iliyochomwa kwa kuliwa huwa mweusi kwenye ncha zilizojitokeza tu, kwingine umelindwa na nyama. Kwa hiyo kwenye jedwali lako usiwe na safu moja ya "ya kuchoma". Weka rangi, weka ni sehemu gani ya mfupa, na usihukumu bado.

Paka usimhesabu kwenye chakula kwa sasa, wala usimwite kipenzi. Mnyama mzima, viungo mahali pake, hakukatwakatwa na hakuguguzwa, na alifunikwa upesi kabla mbwa hawajamfikia. Hayo tu ndiyo unayoyajua. Anaweza kuwa alitupwa akiwa amekufa, au aliwekwa. Kule Kipro, eneo la Shillourokambos, paka wa miaka kama 9,500 iliyopita alikutwa amelazwa karibu na kaburi la mtu. Kisiwani humo hapakuwa na paka wa asili, kwa hiyo kuna aliyempakia chomboni. Bonn-Oberkassel, Ujerumani, kaburi la watu wawili lililogunduliwa mwaka 1914 lilikuwa na mbwa mchanga, wa miezi saba hivi, wa miaka kama 14,000 iliyopita. Meno yake yalipochunguzwa upya yalionyesha makovu yanayolingana na ugonjwa mkali wa virusi alioupata akiwa mdogo zaidi, na akaishi wiki kadhaa baada ya hapo, jambo gumu kwa mtoto wa mbwa asiyeuguzwa. Na Hierakonpolis, Misri, nyani waliozikwa wana mifupa ya mikono na miguu iliyovunjika ikaunga, dalili kwamba walitekwa na kufungiwa muda mrefu kabla ya kufa. Hao wote wangeweza kuandikwa "mabaki ya chakula" na mtu mwenye haraka.

Kwa hiyo kabla hajainuliwa, mchore na kumpiga picha kwa vipimo, kutoka juu na ubavuni. Angalia shingo kama imekunjwa isivyo kawaida. Miguu ikiwa imekusanywa pamoja, iandike, huenda ilifungwa. Mifupa ya kushoto iende mfuko wake, ya kulia wake, vidole vya kila mguu peke yake. Tafuta mivunjiko iliyounga. Usipake gundi wala rangi ya kucha popote, hata kama fuvu limepasuka, mpaka sampuli ya kolajeni na ya kupimia umri iwe imeshachukuliwa. Gundi huharibu vipimo vyote viwili. Na udongo ulio ndani ya mbavu, pale lilipokuwa tumbo, utoe wote kwa kijiko uweke kwenye mfuko wake, uandike "tumbo la paka" pamoja na namba ya shimo na tabaka, kisha mkabidhi Mzee Chekeche aupitishe kwenye milimita 1. Kama alikula panya siku aliyokufa, atakuwa humo.